Mali Bila Daftari: Biashara Yaweza Kumrudisha Mwanafunzi Darasani

Ikiwa unasoma ukurasa huu huku ukiwaza kuacha shule, basi makala haya ni yako hasa.

Sisi wa Isebania tumelelewa mpakani. Upande huu ni kaunti ya Migori. Ukivuka tu, uko Sirari, Tanzania. Kijana wa hapa hujua bei ya kilo ya mchele kabla hajaijua kanuni ya Pythagoras. Kwa hivyo shule ikimchosha, ana pa kukimbilia. Ataendesha bodaboda, ataenda kwenye machimbo ya dhahabu, au atabeba mizigo ya watu kupitia njia za panya. Msichana naye huenda akaozwa mapema. Watu husema vijana hao ni wavivu. Jamani, ni uvivu gani huo wa mtu anayebeba gunia alfajiri? Huyo si mvivu, ila hajaona masomo yatamfaa nini.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko New York, Marekani, Steve Mariotti aliacha biashara akawa mwalimu katika mitaa ya maskini. Wanafunzi walimsumbua kwelikweli. Lakini alipozungumzia kununua, kuuza na kupata faida, walimsikiliza. Mwaka 1987 alianzisha shirika la kuwafundisha vijana kama hao ujasiriamali, na lipo hadi leo.

Ujasiriamali ni nini basi? Si kutafuta doo tu. Ni kutambua haja ya watu, kutafuta njia ya kuitimiza, kuwa tayari kwa hasara, na kuweka hesabu. Hili la mwisho ndilo linalomrudisha mtu darasani. Nitaeleza kwa kisa cha rafiki yangu.

Mwaka jana, tukiwa kidato cha pili, alianza kukosa masomo siku za soko. Alikuwa akiuza mayai ya kuchemsha. Mwalimu wa somo la Biashara hakumwita kumgombeza. Alimwuliza tu, "Jana ulipata ngapi?" Akajibu kwa majivuno, "Mia tano, mwalimu!" Mwalimu akampa kalamu na daftari, wakaandika pamoja:

Trei ya mayai 30: shilingi 360. Makaa na chumvi: shilingi 40. Jumla ya gharama: 400. Mayai 3 yalivunjika na 2 aliyala mwenyewe. Yaliyobaki 25 aliyauza kwa shilingi 20 kila moja, akapata 500. Faida ni shilingi 100, yaani asilimia 25 ya gharama.

Kumbe ile mia tano ilikuwa mauzo, si faida! Na jioni hiyo alikuwa ametumia 150 kwa chipsi na soda. Zilibaki 350, nayo trei ni 360. Alikuwa amekula mtaji bila kujua. Kesho yake alikaa dawati la mbele katika Hisabati, akiuliza habari za asilimia.

Tangu hapo aliona kwamba masomo mengine pia yana kazi. Anayenunua Sirari na kuuza Isebania hubadilisha shilingi mbili tofauti; hiyo ni hesabu ya uwiano. Anayeomba mkopo huandika barua inayoeleweka. Hata sheria ina faida. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa humu, zilizo katika orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huweza kuvushwa bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa mpakani. Anayejua hayo ana haja gani ya kukimbizana na askari usiku?

Lakini tusidanganyane. Pesa huvuta, na aliyeionja faida anaweza kuitupa shule kabisa. Tena daftari peke yake haliwezi kumzuia mzazi aliyeamua kumwoza binti yake. Ndiyo maana biashara ya mwanafunzi yafaa iwe na masharti: iwe Jumamosi au baada ya masomo, daftari likaguliwe na mwalimu kila wiki, na sehemu ya faida iende kwenye mahitaji ya shule.

Rafiki yangu sasa yuko kidato cha tatu. Mayai bado anauza, na alama zake si za kutisha. Lakini siku ya soko jina lake likiitwa darasani, anaitika.

Walimu wetu wapendwa, mnapomwona mwanafunzi sokoni, kabla ya kumwadhibu mwulizeni faida yake ni ngapi. Nanyi wenzangu, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari unalo tayari mkobani. Usiliache shule!