Kuzaa Baada ya Saratani ya Matiti

Mwanamke aliyetibiwa saratani ya matiti anaweza kupata mtoto, ila si kila mmoja na si wakati wowote. Huangaliwa umri wake, dawa alizotumia na aina ya saratani yenyewe.

Baadhi ya dawa za tibakemia, hasa saiklofosfamidi, huharibu mayai ya uzazi. Mwenye miaka 28 hedhi ikikatika mara nyingi hurudi. Mwenye miaka 42 huenda isirudi tena. Ndiyo maana suala la watoto huzungumzwa kabla ya dripu ya kwanza, kwani sindano ya gosereleni, inayozipumzisha ovari, huanza kabla ya tiba.

Saratani inayochochewa na homoni huendelea kutibiwa kwa vidonge, kama tamoksifeni, miaka 5 au zaidi. Tamoksifeni huweza kumdhuru mtoto tumboni, hivyo mama huiacha angalau miezi 3 kabla ya kutafuta mimba. Utafiti wa kimataifa uitwao POSITIVE, uliochapishwa 2023, ulihusisha wanawake 518 waliosimamisha tiba ya homoni ili wazae, baada ya kuitumia miezi 18 hadi 30. Katika miaka 3, saratani ilirudi kwa takriban asilimia 9, sawa na wenzao wasioisimamisha. Matokeo ya miaka mingi bado yanafuatiliwa, kwa hiyo mama akishajifungua hushauriwa kurudia dawa.

Madaktari wengi hushauri kungoja kama miaka 2 baada ya matibabu ya kwanza, maana saratani nyingi zinazorudi hurudi mapema. Wakati huo sindano na vipandikizi vya uzazi wa mpango huepukwa kwa kuwa vina homoni. Hutumika kondomu au kitanzi cha shaba.

Kwa mwanamke wa Kimaasai wa Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, matibabu ya saratani yako mbali: Hospitali ya KCMC mjini Moshi au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kliniki ya wajawazito iko karibu zaidi, Endulen kwenyewe au Karatu. Hivyo inafaa arudi na barua inayotaja aina ya saratani, dawa alizopewa na tarehe ya dozi ya mwisho.

Bomani, shauri la kuzaa huwagusa pia mume na wakwe, hivyo ni vizuri mume afike kwa daktari. Mimba isipopatikana, Wamaasai wana desturi ya kumpa mwanamke asiye na mtoto mwana wa ndugu au wa mke mwenza amlee kama wake. Ikipatikana, titi moja lililo zima huweza kutosha kumnyonyesha mtoto, mradi mama hajarudia tamoksifeni.