Utangulizi: Nani Alitunga Wimbo?

Wengi wanaochunguza kutukuzwa kwa viongozi humwanzia kiongozi mwenyewe: haiba yake, sauti yake, tamaa yake. Nakuomba uanzie chini. Nani alitunga wimbo? Nani aliwapanga watoto juani kandokando ya barabara? Kanga yenye sura ya rais ililipiwa kutoka fungu lipi? Machawa wa leo, yaani wanaowasifu viongozi kupita kiasi, wanatukanwa kila siku, lakini anayewalipa haulizwi.

Kwa msomaji wa Muyama, katika milima ya Buha, mifano haiko mbali. Mwami, yaani chifu, wa Heru na mwami wa Muhambwe waliheshimiwa kwa nasaba, ardhi na ng'ombe. Theresa Ntare alitawala Heru tangu 1946. Mwaka 1963 serikali ikafuta utawala wa machifu, lakini mazoea ya kumtukuza mkubwa hayakufutwa na sheria. Chama tawala, TANU, kilikuwa na matawi na kwaya za kuyapokea.

Hapa ndipo taaluma yetu inapokuwa ngumu, na kwangu ndipo inapopendeza. Sura ya Mwalimu Nyerere ilikuwa kwenye noti na mikutanoni watu waliitikia kwamba fikra za Mwenyekiti zidumu. Chama hichohicho, katika Mwongozo wa 1971, kilikemea majivuno ya viongozi, na mwaka 1985 Mwalimu aling'atuka urais kwa hiari yake. Kaulimbiu ile iliitikiwa pia katika vijiji ambavyo wakazi wake walihamishwa kwa nguvu miaka ya 1970. Mapenzi ya kweli na hofu ya kweli vilitoka kinywa kimoja. Anayeandika kimoja tu anawadhulumu waliotamka.

Jirani zetu walikwenda mbali zaidi. Katika Zaire ya Rais Mobutu, taarifa ya habari ya televisheni ilifunguliwa kwa sura yake ikishuka kutoka mawinguni, na wafanyakazi walitakiwa kumwimbia na kumchezea. Burundi, mwaka 2018, chama tawala kilimpa Rais Nkurunziza cheo cha kiongozi wa milele.

Ukianza utafiti, watafute waliokuwa shule ya msingi enzi za Mwalimu. Usiwaulize kama walimpenda. Waombe waimbe, kisha waulize nani aliwafundisha, walifanya mazoezi saa ngapi, na ambaye hakuja alifanywa nini.