Kunyosha, Kurudi, Kusahihisha: Maana na Asili ya Vitenzi vya Kuondoa Kasoro

Mfasiri akutanapo na kitenzi cha Kiingereza 'rectify' aghalabu huandika 'kurekebisha', akaendelea na kazi yake. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya kitenzi hicho, kukilinganisha na vitenzi vya Kiswahili vilivyo karibu nacho, na kuonyesha kwamba katika Kiswahili kuteua kitenzi ni kuamua kasoro iliyopo ni ya namna gani. Shella, mtaa wa kale wa Waswahili katika ufuo wa Malindi, utatumiwa kuwa mfano, kwani huko uamuzi huo unaigusa lugha yenyewe.

'Rectify' kiliingia katika Kiingereza kwa njia ya Kifaransa, na asili yake ni Kilatini: 'rectus', yaani -nyofu, na 'facere', yaani kufanya. 'Rectus' nalo limetokana na 'regere', kuongoza, ambalo ndilo pia asili ya 'correct'. Kwa hiyo kosa katika vitenzi hivi viwili huonekana kuwa ni kupinda, na kuliondoa ni kunyosha. Picha hiyo moja imeenezwa mbali: Mwingereza hutumia 'rectify' kwa hesabu iliyokosewa, kwa dhuluma, kwa pombe inayosafishwa kwa kuvukizwa tena, na hata kwa umeme wa kwenda na kurudi unaogeuzwa ukaenda upande mmoja.

Kiswahili pia kina picha hiyo. Kutokana na -nyoka tunapata -nyosha na mnyofu. Na -ongoa, -ongoka na -ongoza huunganisha uongozi na unyofu kama ilivyo katika Kilatini, ingawa lugha hizi mbili hazina nasaba moja. Lakini Kiswahili hakikutosheka na picha moja.

Boriti iliyopinda hunyoshwa. Vyombo vya mvuvi vilivyovurugika hutengenezwa, yaani hurudishwa katika mpango wake. Tanga lisilokaa sawasawa katika foromali hurekebishwa. Kitenzi hiki ni cha shina la Kiarabu r-k-b, ambalo lina maana ya kupanda na pia ya kuunganisha sehemu za kitu, na ndiyo sababu hufaa pale ambapo sehemu zipo lakini hazioani. Majirani waliogombana husuluhishwa, kwa shina la s-l-h, kwani kilichoharibika ni uhusiano. Mtoto aliyepotoka hurudiwa na wazazi wake: 'kumrudi mtoto' ni kumwonya na kumwadibu, na kitenzi hicho, kutoka Kiarabu 'radda', kinamdhania mtu aliyeiacha njia aliyokuwa akiijua. Mwanafunzi wa chuoni akikosea kusoma, mwalimu humsahihisha, kwa sababu pana maandishi yanayokubaliwa na wote kuwa ndiyo kipimo.

Siku hizi 'kurekebisha' kimetanda juu ya vingine vyote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina sura nzima ya marekebisho, na matumizi hayo yanafaa, maana katiba ni kitu cha sehemu nyingi zinazopasa kuoana. Lakini asemaye 'kumrekebisha mtoto' amemfanya mtoto kuwa chombo, na asemaye 'kurekebisha ugomvi' amewasahau wagombanao.

Jambo zito zaidi ni 'kusahihisha'. Neno 'sahihi' katika Kiarabu lina maana ya kitu kizima, kisicho na ila wala ugonjwa. Kwa hiyo kulisahihisha neno ni kudai kwamba lilikuwa na maradhi. Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikakieneza kwa vitabu vya shule. Malindi imo katika eneo la lahaja za kaskazini. Mtoto wa Shella akiandika 'mato' kwa macho, 'teka' kwa cheka, au 'ndia' kwa njia, daftari lake hurudi na wino mwekundu.

Je, maneno hayo yana ugonjwa? Ulinganishi unakanusha. Palipo na 'ch' ya Kiunguja katika maneno haya, lahaja za kaskazini zina 't', na Kigiriama, lugha ya majirani wa Malindi, kina 'ts': 'matso', 'tseka'. Huu ni mfuatano wa kanuni. Umbo la kaskazini halikuzaliwa kwa kuliharibu la Kiunguja. Yote mawili ni matawi ya shina moja, na kila moja limefuata njia yake. Hakuna kilichopinda hata kinyoshwe, wala aliyepotoka hata arudiwe.

Hii si hoja ya kuacha Kiswahili sanifu. Mtihani una kipimo chake, na mtoto wa Shella anakihitaji kama mwenzake wa Unguja. Lakini kuchagua umbo moja kwa matumizi ya wote ni kusanifisha, na kusanifisha siko kusahihisha. Mwalimu asahihishe tahajia na hesabu. Penye 'mato' aandike pambizoni 'si sanifu', asiandike 'si sahihi'. Tofauti ya maneno hayo ni ndogo kwa mwalimu, lakini kwa mtoto ni tofauti kati ya kuongezewa umbo la pili la neno na kuambiwa kwamba la mama yake ni gonjwa.