Stebilaiza huilinda redio, lakini je, hunogesha sauti?

Ikiwa unaishi Kibuyuni, Shimoni, Msambweni au kwingineko katika pwani yetu ya kusini, bila shaka hali hii waijua. Jioni umejipumzisha, taarab inatoka kwenye spika, mara taa zafifia, kisha zang'aa kupita kiasi, na spika yaanza kuvuma kama nyuki mzingani. Hapo ndipo huja muuzaji na dawa yake: kifaa cha "kusafisha stima". Eti ukikichomeka, utadhani waimbaji wako sebuleni. Je, ni kweli?

Kwanza tuelewe mambo yalivyo. Stima ya majumbani nchini Kenya ni ya volti 240, nayo huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Amplifaya haiitumii hivyo ilivyo. Ndani yake mna transfoma ya kuipunguza, dayodi za kuifanya ielekee upande mmoja, na kapasita za kuituliza. Kapasita ni kama tangi la maji: hata yakiingia kwa vishindo, hutoka bombani taratibu. Kwa hivyo amplifaya nzuri tayari ina kisafishaji chake. Ukiiongezea kingine, mara nyingi sikio halitatambua tofauti yoyote.

Basi mvumo watoka wapi? Huenda kapasita zimezeeka. Hiyo ni kazi ya fundi. Huenda runinga na amplifaya zimeunganishwa huku kila moja ikipata waya wa ardhi kwa njia yake. Zichomeke zote kwenye soketi moja usikie. Lakini usikate waya wa ardhi kamwe! Waya huo ndio uhai wako. Tenganisha pia nyaya za sauti na za stima. Redio ikikoroma kwenye masafa ya AM, chomoa chaja za simu moja moja, maana nyingine hutoa kelele. Nasi tunaokaa karibu na bahari tusisahau chumvi: hula plagi na viungo vya nyaya, sauti ikaanza kukatakata.

Hata hivyo, kuna wakati kifaa husaidia. Stima ikishuka sana, amplifaya hukosa nguvu na sauti hukwaruza ukiipandisha. Stebilaiza huweza kuirekebisha hali hiyo. Wanaotumia sola nao huenda wakasikia mlio unaotokana na inveta ya bei nafuu isiyotoa stima laini.

Faida iliyo kubwa zaidi ni ulinzi. Usiku wa 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Stima ikirudi baada ya kukatika, huenda ikaja kwa kishindo na kuunguza vyombo. Kifaa kinachoikata ikizidi au kupungua, kisha kikangoja kidogo kabla ya kuirejesha, chafaa kwa friji na runinga pia. Radi ni jambo jingine: chomoa plagi na waya wa eriali mapema.

Kabla ya kununua kifaa cha kunogesha sauti, omba ukijaribu. Mwambie mwenzako akitumie au akiondoe bila wewe kuona, wimbo uwe ule ule na sauti isipandishwe. Fanyeni hivyo mara kumi. Ukipatia tano tu, wabahatisha.

Mama wa Kibuyuni anayelima mwani huingia majini, akavuna na kuanika ndipo apate shilingi zake. Zisiishie kwenye maneno matamu ya muuzaji. Kwanza fundi mwenye leseni akague nyaya na waya wa ardhi. Pili, nunua ulinzi. Zikibaki, nunua spika bora, kwa kuwa hapo tofauti utaisikia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.