Printa Moja kwa Ofisi Nzima

TANZANIA



Katika tawi letu la mashamba ya mkonge, mkoani Tanga, tulikuwa na printa moja, imefungwa kwa waya kwenye kompyuta ya karani. Karani asipokuwapo, hakuna kuchapa. Tuliliona jambo dogo, mpaka alipoachishwa kazi mama mmoja mwanika singa.

Kwa sheria ya Tanzania, anayedai kuachishwa kazi bila haki hupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Akichelewa, itambidi aombe kusamehewa na kueleza sababu za kutosha. Mama yule alitufikia siku ya 29. Usiku tukaandika maelezo yake. Asubuhi karani yuko msibani, na neno la siri la kompyuta analo yeye peke yake kichwani.

Tulikimbilia steshenari na flashi. Foleni ndefu, umeme ukakatika, ukarudi. Nakala ya mwajiri, nakala ya Tume na nakala yake mwenyewe zikapatikana, tukaziwahisha kabla ofisi haijafungwa. Lakini maelezo ya mama yalibaki ndani ya kompyuta ya duka. Nani aliyasoma baadaye? Hatujui.

Mkutano wa tawi ukaamua kuweka seva ya printa. Fundi umeme wa kiwanda, mwanachama mwenzetu, ndiye aliyeifunga. Seva ni kama mnyapara wa foleni: hupokea kazi kutoka kila meza, huzipanga, kisha huipa printa moja baada ya nyingine. Kompyuta ya zamani inatosha, hata Raspberry Pi ndogo. Programu yake ni CUPS, ya bure, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1999. Sisi tuliiweka juu ya Linux.

Kazi yenyewe ni hii:

Kwanza, hamisha waya wa printa kutoka kwa karani uufunge kwenye seva. Seva nayo ifungwe kwenye ruta kwa kebo.

Pili, ipe seva anwani isiyobadilika. Anwani ikibadilika, kompyuta nyingine zitaitafuta mahali isipokuwapo.

Tatu, weka CUPS, na msimamizi wake umtie katika kundi la lpadmin. Kwenye seva hiyo fungua kivinjari, andika localhost:631, ongeza printa, uiruhusu kutumiwa na wengine.

Nne, nenda meza kwa meza, ongeza printa kwa anwani ya seva. Kazi hupita kwenye mtandao wa ndani tu, kwa hiyo kuchapa hakuli bando.

Sasa jambo la siri, ndugu zangu. CUPS ilivyo kawaida huweka nakala ya kazi iliyokwisha kuchapwa kwa siku nzima, ili iweze kuchapwa tena. Madai ya mwanachama si ya kulala humo. Katika faili la cupsd.conf tuliandika PreserveJobFiles No, tukaianzisha programu upya. Hata hivyo majina ya kazi hubaki kwenye kumbukumbu, kwa hiyo usilipe faili jina la mtu. Pia Septemba 2024 yalitangazwa makosa katika cups-browsed, sehemu inayotafuta printa mtandaoni, ambayo yangeweza kumfungulia mlango mtu wa nje. Kama huihitaji, izime, na programu zote zisasishwe mara kwa mara.

Mwisho, neno la siri la seva wanalijua watu wawili, na limeandikwa katika bahasha iliyofungwa ndani ya kasha la tawi. Hilo halikutugharimu hata senti, nalo ndilo lililotukosesha usingizi siku ile.

Matawi mengine, angalieni leo: mwenye ufunguo wa printa yenu akipata msiba, siku ya 30 mtachapa wapi?