Kila Somo na Usomaji Wake: Mafunzo Kutoka Kipevu

Kusoma na kuandika hakukamiliki mtoto anapoweza kuunganisha silabi, kwa kuwa kila somo la madarasa ya juu lina namna yake ya kupanga hoja, kutoa ushahidi na kutumia istilahi, yaani maneno yaliyopewa maana maalumu na wataalamu wa fani husika. Kumfundisha mwanafunzi namna hizo ndani ya somo lenyewe, badala ya kumtwika mwalimu wa lugha mzigo wote, ndiko kunakoitwa ufundishaji wa stadi za usomaji na uandishi wa kitaaluma.

Wazo hili si geni. Nchini Uingereza, ripoti ya Bullock ya mwaka 1975 ilisisitiza kwamba lugha ni jukumu la walimu wa masomo yote, na mwaka 2008 watafiti wa Marekani, Timothy na Cynthia Shanahan, walionyesha kwamba wanahistoria, wanahisabati na wanakemia husoma matini zao kwa njia zinazotofautiana. Nchini Kenya haja yake ni kubwa zaidi, kwani sera inaelekeza watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo lao hadi Gredi ya 3, kisha Kiingereza kishike nafasi hiyo kuanzia Gredi ya 4, wakati ambapo masomo yenyewe yanaanza kuwa mazito. Kwa mtoto wa Kipevu, katika eneo la Changamwe mjini Mombasa, ambaye Kiswahili ndicho lugha yake ya mtaani, dhana mpya na lugha ya kuielezea humfikia kwa pamoja.

Hata hivyo, Kipevu penyewe pana mengi ya kusomwa. Katika jiografia, hori za Kilindini na Port Reitz zilizo jirani ni mfano wa ria, yaani bonde la mto lililozamishwa na bahari, na maelezo yake humtaka msomaji afuate mfuatano wa chanzo na matokeo huku akilinganisha maneno na ramani. Katika fizikia, kituo cha umeme cha Kipevu III, chenye uwezo wa megawati 120, humfunza mwanafunzi kwamba megawati ni kipimo cha kasi ya kuzalisha nishati, wala si kiasi cha nishati, hivyo kituo kikifanya kazi kwa uwezo wake wote kwa saa 24 kitazalisha megawati-saa 2,880. Anayeisoma sentensi hiyo kwa haraka kama habari ya gazeti hupotewa na maana yake.

Historia nayo hudai usomaji wa aina nyingine. Jina la Port Reitz linatokana na Luteni John James Reitz, aliyeachwa Mombasa mwaka 1824 na Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza, wakati watawala wa mji huo, wa ukoo wa Mazrui, walipotaka ulinzi dhidi ya Sayyid Said wa Oman. Mwanafunzi akiyaweka masimulizi ya Owen kando ya historia ya Mazrui iliyoandikwa kwa Kiarabu na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanazuoni wa ukoo huo huo, hulazimika kuuliza nani aliandika, lini, kwa nani na kwa maslahi gani, kabla ya kuamua la kuamini.

Mwalimu hufundisha haya kwa kusoma kifungu kwa sauti huku akieleza anavyofikiri, kisha kuwaachia wanafunzi wajadiliane kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza, na kuwaonyesha kwamba ripoti ya jaribio hupangwa kwa lengo, vifaa, utaratibu, matokeo na hitimisho, ilhali insha ya historia husimama juu ya dai na ushahidi wake.

Wapo wanaohofu kwamba kazi hii itakula muda wa kumaliza silabasi, lakini muda hupotea zaidi pale mada inaporudiwa kwa sababu wanafunzi waliikariri bila kuielewa. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini baada ya mwaka 2017 unamtaka mwanafunzi atumie maarifa, na hawezi kuyatumia asiyoweza kuyasoma, kuyapima na kuyaandika. Kwa hiyo mafunzo ya ualimu na alama za mitihani viipe stadi hii nafasi yake katika kila somo, tangu sayansi hadi dini.