Maneno Yaliyotawala Dunia: Tangu Himaya Hadi Vita Baridi

Mtoto wa chuoni huanza kwa alifu kwa kijiti. Huzitamka herufi kabla hajajua maana yake, na hapana ubaya, kwani maana humjia baadaye. Lakini katika historia ya dunia wengi wetu tumebakia pale pale penye kijiti. Ubeberu, ukoloni, himaya, Vita Baridi: maneno haya tunayasikia redioni, tunayasema barazani, na watoto wetu wanayaandika katika mitihani, ilhali ni wachache waliokaa kitako wakayapima. Na si maneno ya mchezo. Wako watu waliopoteza miji yao kwa neno moja tu lililoandikwa katika karatasi. Basi leo, ndugu wasomaji, natuyachambue machache, tulijue kila moja lilitenda nini.

BEBERU NA MLOWEZI

Mtu wa pwani akisikia beberu, kwanza humwona dume la mbuzi, lenye harufu kali na ndevu zake, lisilokubali dume jingine zizini. Wakati wa kupigania uhuru jina hilo lilipewa mataifa yaliyozitawala nchi za wenzao, na kwa kweli liliwaenea. Wazungu wenyewe neno lao walilichukua katika Kilatini, na asili yake ni amri. Ubeberu, basi, ni ile tamaa ya taifa kuamrisha mataifa mengine, ama kwa bunduki, ama kwa fedha, ama kwa mikataba.

Ukoloni si neno lile lile. Nalo latoka katika Kilatini, lakini asili yake ni kulima na kukaa. Koloni ni mahali ambapo wageni huja wakalowea, wakaishika ardhi wakaifanya yao. Ndiyo maana lugha yetu ikawaita watu hao walowezi. Kwa hivyo ubeberu waweza kuwapo bila ya mlowezi hata mmoja; balozi mwenye manowari bandarini atosha. Tofauti hii ikieleweka, mambo mengi ya pwani yetu hufunguka.

HIMAYA

Neno himaya latokana na Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupa kuhami. Kumhami mtu ni kumkinga na adui. Ni neno zuri, na uzuri wake ndio uliokuwa mtego.

Mfano wa kwanza ni Witu. Mwaka 1885 Sultani Ahmed, aliyejulikana kwa jina la Simba, alikubali himaya ya Wajerumani apate kujikinga na Sultani wa Unguja. Ikapita miaka mitano tu na kidogo. Tarehe 1 Julai 1890 Wajerumani na Waingereza waligawana maslaha yao kwa mkataba, na Witu ikatolewa kwa Waingereza. Watu wa Witu hawakuulizwa. Oktoba mwaka huo huo majeshi ya Kiingereza yakaushambulia mji na kuuteketeza.

Mfano wa pili ni Unguja yenyewe, iliyotiwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka huo huo wa 1890. Agosti 1896 Sultani Hamed bin Thuwaini alipofariki, Khalid bin Barghash alishika kasri bila ya idhini ya balozi wa Kiingereza. Tarehe 27 Agosti manowari zikafyatua mizinga. Kwa dakika zipatazo 40 kasri ilikuwa magofu, na watu wapatao 500 waliokuwa ndani na karibu yake walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, akakamatwa Dar es Salaam wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akapelekwa uhamishoni, na mwisho akafariki Mombasa mwaka 1927. Nani aliyehamiwa siku ile, na adui alikuwa nani?

Na sisi wa mwambao wa Kenya tuliishi ndani ya neno hilo hilo. Kwa mkataba wa Desemba 1895 ukanda wa maili kumi uliwekwa chini ya utawala wa Waingereza, nao wakawa wakimlipa Sultani pauni 11,000 kila mwaka. Mwaka 1920 bara ikaitwa Koloni na pwani ikaitwa Himaya. Gavana alikuwa mmoja, lakini bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Fort Jesus. Hadi leo wako wazee wanaosema kwamba pwani haikuwa koloni. Kwa karatasi wasema kweli. Na karatasi ilikuwa na uzito wake, kwani Oktoba 1963, ukanda ulipokubaliwa kuunganishwa na Kenya, ahadi ziliandikwa kuhusu uhuru wa dini na mahakama za makadhi.

UDHAMINI

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mabeberu walioshinda waliona haya kusema wanateka. Ushirika wa Mataifa ukatafuta neno jingine, udhamini, yaani nchi inatunzwa kwa dhamana mpaka watu wake waweze kusimama wenyewe. Tanganyika ikapewa Uingereza. Syria na Lebanoni zikapewa Ufaransa. Iraki na Palestina zikapewa Uingereza. Ajuaye uzito wa amana katika dini yetu ajua kwamba dhamana hurejeshwa kwa mwenyewe. Huko Palestina Waingereza waliondoka Mei 1948, na mwenye nyumba hakurejeshewa ufunguo. Machungu ya neno lile yangaliko hata leo.

MADOLA MAKUU NA VITA BARIDI

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza na Ufaransa walikuwa hoi. Wakasimama wawili tu wenye nguvu za kutisha dunia, Marekani na Urusi ya Kisovieti, nao ndio walioitwa madola makuu. Mwaka 1956 jambo hili lilidhihirika. Gamal Abdel Nasser alipoutaifisha Mfereji wa Suez mwezi wa Julai, Uingereza, Ufaransa na Israeli walimvamia Misri mwisho wa Oktoba. Marekani haikuwaunga mkono, Urusi ikawatisha, na haukupita muda wakalazimika kuondoka. Mabeberu wa zamani walitambua siku hiyo kwamba zizi lina madume mapya.

Ushindani wa wawili hao uliitwa Vita Baridi, kwa sababu wao wenyewe hawakupigana uso kwa uso. Lakini baridi ilikuwa kwao. Kwa Wakorea, Wavietinamu na Waangola ilikuwa ni moto. Wahenga walikwisha kusema, wapiganapo tembo nyasi huumia.

Tena tazama jirani zetu. Warusi walikuwa na kambi yao Berbera, Somalia, wakati Marekani ikiisaidia Ethiopia. Mwaka 1977 vita vya Ogaden vilipozuka, Urusi ikaigeukia Ethiopia ya Mengistu. Somalia ikawafukuza Warusi mwezi wa Novemba, na mwaka 1980 ikawafungulia Wamarekani mlango wa Berbera ile ile. Marafiki walibadilishana viti kama wachezao bao, na Msomali na Mwethiopia wakazika wafu wao. Mwaka huo huo wa 1980 Marekani ilifanya mapatano na Oman na Kenya, na bandari ya Mombasa ikafunguliwa kwa manowari zake.

Wapo waliokataa kuchagua upande. Aprili 1955 nchi 29 za Asia na Afrika zilikutana Bandung, Indonesia, na Septemba 1961 huko Belgrade likaanza rasmi kundi la nchi zisizofungamana na upande wowote. Neno kufungamana latoka katika kufunga. Asiyefungamana si asiye na rafiki, bali ni asiyefungwa kamba. Naye Kwame Nkrumah mwaka 1965 alionya kwamba bendera yaweza kushuka na kamba ikabaki, na hali hiyo ndiyo iitwayo ukoloni mamboleo.

DOLA NI ZAMU

Ukuta wa Berlin ulibomolewa Novemba 1989, na Desemba 1991 Muungano wa Kisovieti ukavunjika. Wengi walidhani maneno haya sasa ni ya makumbusho. La hasha! Leo Djibouti zipo kambi za Ufaransa na Marekani, na tangu 2017 ipo ya China pia, zote katika nchi moja ndogo karibu na Bab el Mandeb.

Neno dola, la serikali, latoka katika Kiarabu, na shina lake lina maana ya kugeuka kwa zamu, leo huyu na kesho yule. Kwa hivyo asitushangaze anayekuja kwa zamu yake. Litakalotufaa ni kuliangalia neno analokuja nalo. Yule wa kwanza alisema himaya, wa pili akasema udhamini, wengine wakasema urafiki, na wa leo asema maendeleo na ushirikiano. Huenda asema kweli. Lakini kabla ya kutia saini tumuulize kama ambavyo wazee wa Witu hawakupata nafasi ya kuuliza: ni nani anayehamiwa, na anahamiwa na nani?